Likizo ya theluji: mzazi Mkongomani aangalie urefu wa mlima mbele ya jina la nchi

Kila mwaka, mwezi wa pili unapokaribia, swali moja linaingia katika nyumba nyingi za Wakongomani wanaoishi Ubelgiji. Mtoto anarudi kutoka masomo, anaweka mkoba chini na kuuliza: "Papa, sisi tutaenda kuteleza kwenye theluji wapi?" Darasani mwenzake mmoja anaenda Austria, mwingine Ufaransa, wa tatu Uswisi. Mzazi aliyekulia Bukavu, Butembo ao Lubumbashi hajawahi kuvaa mbao za ski maishani mwake. Lakini hataki mtoto wake awe peke yake atakayerudi darasani bila kitu cha kusimulia.

Hapo simu zinaanza. Shemeji wa Liège anasema Uswisi, kwani huko ndiko kwenye milima mizuri. Rafiki wa Matonge anasema Austria, kwani Wabelgiji wengi wanaenda huko. Mwingine ameona kwenye WhatsApp picha za mtu aliyefika Courchevel, na tangu siku hiyo anataka Courchevel tu. Baada ya siku tatu nchi imechaguliwa na malipo ya kwanza yametumwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kijiji hicho kiko mita ngapi juu ya bahari, wala kama kadi ya afya ya mama wa nyumba itakubaliwa huko.

Kosa liko hapo. Nchi inachaguliwa kwanza, wakati ingepaswa kuwa swali la mwisho. Mzazi mwenye makuta yaliyohesabiwa, na zaidi sana mzazi ambaye bado anatumia pasiporti ya Kongo, ana maswali matatu ya kujibu mbele ya hilo: mlima una urefu gani, karatasi zake zinamruhusu nini, na wiki nzima itamgharimu kiasi gani kwa jumla. Akiyajibu hayo matatu, jina la nchi litajitokeza lenyewe.

Theluji inafuata urefu

Mkaaji wa Mutwanga, katika wilaya ya Beni, hahitaji kufundishwa jambo hili. Anaishi karibu na ikweta, kati ya migomba na kahawa, lakini siku isiyo na mawingu akiinua macho anaona weupe juu ya Ruwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na urefu huo ndio unaoweka theluji pale. Kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda, joto linapungua kwa karibu digrii 6. Aliyewahi kulala usiku mmoja kwenye ukingo wa Nyiragongo, kwenye mita 3,470, aliijua hesabu hiyo kwa mwili wake.

Ulaya kanuni ni ileile. Mji wa Goma uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kitzbühel, mji wa Austria unaojulikana dunia nzima kwa mashindano ya ski, uko kwenye mita 760 hivi, yaani karibu nusu ya urefu wa Goma. Megève, kijiji cha matajiri huko Ufaransa, kiko kwenye mita 1,100 hivi. Bansko, mji wa ski unaotajwa sana Bulgaria, uko chini ya mita 1,000. Kwa upande mwingine, Obergurgl, nayo ya Austria, inapita mita 1,900. Livigno ya Italia iko kwenye mita 1,800 hivi, na Breuil-Cervinia, ya Italia pia, kwenye mita 2,050. Ufaransa ina Tignes kwenye mita 2,100 na Val Thorens kwenye mita 2,300, kituo cha ski kilicho juu kuliko vyote Ulaya.

Msomaji aangalie vizuri majina hayo. Austria ina mji wa chini na kijiji cha juu, na Ufaransa vilevile. Kwa hiyo mtu anayesema "twende Austria, kule kuna theluji" bado hajasema kitu. Anapaswa kutaja kijiji.

Wauzaji wa safari watajibu kwamba hata vijiji vya chini vina lifti za kupeleka watu juu. Ni kweli. Kutoka Kitzbühel mtu anaweza kupanda mpaka mita 2,000, na Bansko inapandisha watu mpaka karibu mita 2,600. Lakini mtoto anayevaa mbao kwa mara ya kwanza hafundishwi kwenye kilele. Mara nyingi anafundishwa kwenye kimteremko kidogo karibu na kijiji, pale mwalimu anapoweza kumwinua kila anapoanguka. Kama kijiji kina matope na majani makavu, watu wazima wanaojua ski watapanda juu na kufurahi, na mtoto aliyelipiwa safari atabaki chini na kanda nyembamba ya theluji ya mashine.

Jambo hili litazidi kuwa gumu. Mwaka 2023 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchunguzi juu ya vituo 2,234 vya ski katika nchi 28 za Ulaya. Watafiti walionyesha kwamba joto la dunia likipanda kwa digrii 2, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji, kama mashine za kutengeneza theluji hazitumiki. Likipanda kwa digrii 4, hatari hiyo itafika asilimia 98. Mashine zinasaidia, lakini zinahitaji maji mengi na baridi ya kutosha, na gharama yake inaishia kwenye bei ya kadi ya lifti. Huko Métabief, katika milima ya Jura upande wa Ufaransa, viongozi wamekubali mbele ya watu wote kwamba ski ya kushuka mlima haina tena miaka mingi, na wanatayarisha kazi nyingine kwa wakaaji.

Familia tajiri inayoenda kila mwaka inaweza kubahatisha. Mwaka huu wakikosa theluji, mwaka ujao wataipata. Familia inayoweka makuta miaka miwili ao mitatu kwa ajili ya wiki moja haiwezi. Kwa familia hiyo kanuni ni rahisi: kijiji cha kulala kiwe kwenye mita 1,800 na zaidi, katika nchi yoyote ile.

Karatasi za kila mtu, hata za mtoto mchanga

Swali la pili halimsumbui jirani Mbelgiji, ndiyo maana ushauri wake hautoshi. Mkongomani aliyepata uraia wa Ubelgiji anapita kama yeye. Lakini mwenye kadi ya ukaaji na pasiporti ya Kongo lazima ajue haki yake inaishia wapi.

Kwa kadi ya ukaaji ya Ubelgiji na pasiporti ambayo muda wake haujaisha, anaweza kutembelea nchi zingine za Schengen bila kuomba viza, kwa siku zisizopita 90 katika siku 180. Ufaransa, Italia, Austria na Uswisi zimo. Bulgaria nayo imo, na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025 hata mipaka yake ya barabara imeingia katika utaratibu huo. Hata hivyo, Schengen haina maana kwamba polisi wameondoka. Ufaransa ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake mwaka 2015 na haijauacha. Kila mtu ndani ya gari awe na karatasi yake mkononi, hata mtoto mchanga. Pasiporti iliyoisha muda na kusahauliwa kwenye droo inaweza kusimamisha safari ya watu watano, na kila Mkongomani anajua kwamba mpya haipatikani kwa wiki moja.

Andorra, nchi ndogo kati ya Ufaransa na Uspania, inawavuta wengi kwa bei zake na kwa milima yake mirefu. Haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika Schengen, na haina uwanja wa ndege za abiria kutoka Bruxelles. Mtu anaifikia kwa barabara. Mwenye kadi ya ukaaji anaingia na kutoka bila taabu kubwa. Lakini kama bibi amekuja kutembelea wajukuu kutoka Kinshasa kwa viza ya kuingia mara moja, akiingia Andorra amekwisha kutoka Schengen, na viza yake haimrudishi tena. Familia iliyompeleka kuona theluji itajikuta inatafuta ubalozi.

Uswisi ina mtego mwingine, na huu haujulikani sana. Kadi ya Ulaya ya bima ya afya, ambayo mutuelle za Ubelgiji zinatoa bure, inakubaliwa Uswisi kwa raia wa Umoja wa Ulaya. Kwa kawaida raia wa nchi ya tatu, hata akiwa anaishi na kulipa Ubelgiji kwa haki yote, hawezi kuitumia huko. Katika nyumba moja, watoto waliozaliwa na uraia wa Ubelgiji watatibiwa kwa kadi hiyo, na mama yao mwenye pasiporti ya Kongo atalipa mwenyewe kwa franka za Uswisi. Mguu uliovunjika hauulizi uraia, lakini faktura inauliza. Anayetaka Uswisi aiulize mutuelle yake kwa maandishi na anunue bima ya safari mbele ya kulipia nyumba.

Hata pale kadi inapokubaliwa, haifuniki kila kitu. Hailipi kazi ya kumshusha mgonjwa kutoka mlimani. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1985, manispaa ina haki ya kumtoza aliyeumia kwenye njia za ski gharama ya kumshusha. Ndiyo maana bima ndogo ya siku inauzwa pamoja na kadi ya lifti kwa euro chache, na asiyeinunua anafanya akiba mbaya. Italia imekwenda mbali zaidi. Tangu mwanzo wa mwaka 2022 kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara anayoweza kumfanyia mwingine, na tangu tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 2025 kofia ngumu ni lazima kwa kila mtu, mkubwa na mdogo.

Kuna pia wale ambao bado wanasubiri jibu la ombi la hifadhi, wenye kadi ya rangi ya chungwa. Kadi hiyo haiwaruhusu kuvuka mpaka kwa likizo, na hakuna muuzaji wa safari atakayewaambia. Kwao nchi ya milima ni Ubelgiji yenyewe. Signal de Botrange, mahali pa juu kuliko pote katika nchi hiyo, pana mita 694 tu. Theluji huko inakuja na kuondoka kwa siku chache, lakini ikija, mtoto mwenye kigari cha kuteleza anacheka sawa na aliye Uswisi. Mzazi afuatilie habari za hali ya hewa na awe tayari kuondoka asubuhi ileile. Jumatatu mtoto wake naye atakuwa na kitu cha kusimulia.

Hesabu yote iwekwe mezani

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya picha moja ya WhatsApp kuna usafiri, nyumba, kadi ya lifti, kukodisha mbao na viatu, mwalimu, mavazi, chakula na bima. Wengi wanalinganisha nchi kwa bei ya nyumba peke yake, na huko ndiko wanakopotea.

Bulgaria inaonekana rahisi kuliko zote, na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026 inatumia euro, kwa hiyo hesabu zake zinasomeka vizuri. Vijana wawili wasio na watoto, wanaotaka kujifunza bila kutumia makuta mengi, wanaweza kufaidika. Lakini familia ya watu watano inapaswa kuongeza tiketi tano za ndege katika wiki ya likizo ya masomo, mizigo, na gari la kutoka Sofia mpaka Bansko, kilometa 150 hivi. Baada ya kuongeza yote hayo, urahisi unaweza kuwa umeisha.

Uswisi ni kinyume chake. Mtu anafika kwa gari lake, analipa franka 40 kwa karatasi ya barabara kuu ya mwaka mzima, na anafikiri amepona. Kisha anaingia dukani. Mkate, maziwa na kahawa vitamkumbusha kila siku kwamba yuko Uswisi. Wakongomani wengi wanasafiri na chakula chao, na wanafanya vizuri, lakini forodha ya Uswisi inaruhusu kilo 1 tu ya nyama kwa kila mtu bila ushuru. Sombe na unga wa fufu vitavuka. Kuku kumi wa kugandishwa watalipiwa.

Kwa wenye gari kuna jambo lingine. Ufaransa, tangu mwezi wa 11 mwaka 2021, gari linaloingia katika maeneo mengi ya milima kati ya tarehe 1 mwezi wa 11 na tarehe 31 mwezi wa tatu lazima liwe na magurudumu ya majira ya baridi ao minyororo. Austria nayo ina sheria yake ya magurudumu hayo. Wanne wapya ni gharama kubwa kwa mtu ambaye hatayahitaji tena Bruxelles, na wengi wanalikumbuka jambo hili siku ya mwisho.

Tena kuna wiki. Tangu mageuzi ya mwaka 2022, masomo ya Kifaransa ya Ubelgiji yana wiki mbili za likizo ya karnavali, wakati masomo ya Kiflamandi yana wiki moja. Ufaransa imegawanya masomo yake katika kanda tatu ambazo haziendi likizo kwa pamoja. Paris iko katika kanda C, na wiki za kanda hiyo zinajaza barabara, lifti na nyumba. Mzazi mwenye watoto katika masomo ya Kifaransa ana bahati ambayo wengi hawaitumii: anaweza kuweka kalenda hizo mbele yake na kuangalia kama moja ya wiki zake mbili iko nje ya wiki za Paris. Akiweza kusubiri, kuna likizo ya mwisho wa mwezi wa nne. Vijiji vichache vya juu sana, kama Val Thorens na Tignes, mara nyingi vinabaki wazi mpaka mwanzo wa mwezi wa tano, wakati vile vya chini vimekwisha kufunga na kuota majani. Hapo tena urefu unalipa.

Nchi ipi basi?

Mzazi anayeongea Kifaransa, mwenye watoto katika masomo ya Kifaransa, ambaye hajawahi kuteleza, aende Ufaransa. Sababu si uzuri, kwani milima ya Italia na ya Uswisi haishindwi kwa uzuri. Sababu ni kwamba maswali yote matatu yanapata jibu huko. Vijiji vya juu ni vingi. Kadi ya Ulaya ya bima ya afya iliyotolewa Ubelgiji inakubaliwa hata kwa mwenye pasiporti ya Kongo. Na nyumba ndogo zenye jiko, ambazo vituo vingi vya juu vilijengwa nazo, zinamruhusu mama ao baba kupika badala ya kula hotelini mara mbili kwa siku. Kwa familia ya watu watano, hakuna akiba inayopita hiyo.

Kuna pia lugha, na ni hapa safari nyingi zinaharibika kimyakimya. Mtoto wa miaka 6 anayeogopa, aliyeanguka mara kumi, anahitaji mwalimu anayeweza kumwambia kwa maneno anayoyaelewa pale mguu unapopaswa kwenda. École du Ski Français, iliyoanzishwa mwaka 1945, ina walimu wa koti jekundu karibu katika kila kituo cha Ufaransa, na mtoto wa Schaerbeek atawaelewa tangu saa ya kwanza. Mzazi naye ataelewa anachosaini.

Asiye na gari hakosi njia. Majira ya baridi kuna treni ya Eurostar inayotoka Bruxelles mpaka mabonde ya milima ya Alpes bila kubadilisha, ikisimama Moûtiers na Bourg-Saint-Maurice. Kutoka Moûtiers kuna basi za kupanda Val Thorens. Kutoka Bourg-Saint-Maurice kuna treni ya nyaya inayopandisha watu Arc 1600 kwa dakika chache, na basi za kufika vijiji vya juu yake. Magurudumu ya baridi yanakuwa shida ya mtu mwingine.

Lakini Ufaransa hiyo haipatikani kwenye picha za WhatsApp. Courchevel na Megève ziachiwe wenye nazo. Vijiji vya La Plagne vilivyo karibu na mita 2,000, Arc 1800, Tignes, hayo ni majina ya kutafuta. Vituo kadhaa vina lifti za bure kwa wanaoanza, na kwa kawaida watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi kadi. Anayeanza hahitaji kadi ya mamia ya kilometa ambazo hatazifika. Koti na suruali vikopwe kwa rafiki ao vinunuliwe vya mitumba, kwani mwaka ujao mtoto atakuwa amekua. Kofia ngumu ivaliwe, iwe sheria ao isiwe.

Wengine wana jibu lao. Familia ya Antwerpen ao Gent, yenye watoto wanaosoma Kiflamandi, itafaa Austria, ambako walimu wengi wamezoea wateja Waholanzi na Waflamandi na wanafundisha kwa lugha yao. Ila ichague kijiji cha juu kama Obergurgl. Anayependa utulivu na chakula kizuri, na asiyeogopa njia ndefu, aangalie Livigno ao Breuil-Cervinia, bima mkononi. Uswisi ibaki kwa mwenye mshahara mzuri na bima kamili. Akiwa na hivyo viwili, hatajuta.

Neno la wanaosema ni aibu

Kuna Wakongomani watakaosoma haya yote na kukasirika, na hasira yao ina haki. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Katikati ya mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Siku chache baadaye masomo ya Kifaransa ya Ubelgiji yakaingia likizo ya karnavali. Katika nyumba ileile, simu moja ilikuwa inaleta sauti ya mama mdogo aliyelala njaa, na simu nyingine bei za nyumba mlimani. Mtu anauliza: namna gani mzazi analipa mamia ya euro ili mtoto ateleze, wakati mpwa wake amefukuzwa darasani kwa kukosa minerval?

Swali hilo halijibiwi kwa kusema kwamba kila mtu ana maisha yake. Mkongomani anayeishi Ulaya hana maisha yake peke yake, na anayejidai hivyo anajidanganya. Lakini mtoto aliyezaliwa Bruxelles naye ni mtoto wa ukoo. Anaishi mahali ambapo wenzake wanapimana kwa mambo kama haya, na anapobaki nyuma kila mwaka anajifunza kwamba kuna milima ambayo si ya watu kama yeye. Somo hilo ni baya, na linakaa muda mrefu kuliko theluji.

Njia ya haki iko katika hesabu. Mzazi ajue kwanza anatuma nyumbani kiasi gani kwa mwaka, na aweke makuta hayo pembeni mbele ya kufungua bei za likizo. Kinachobaki ndicho cha theluji. Kama hakitoshi Alpes, kinatosha Botrange. Aliyepunguza makuta ya shangazi ili alale Uswisi badala ya Ufaransa amelipia jina la nchi kwa njaa ya mtu mwingine, na huo ndio ubaya wa kuchagua kwa picha. Aliyechagua kijiji cha juu kisicho na sifa, katika wiki isiyo na Waparisi, akapika sombe yake mwenyewe, anaweza kumpigia shangazi simu kutoka mlimani bila kuficha mahali alipo.

Na akipiga, amwonyeshe mtoto jambo moja. Theluji ambayo amesafiri kilometa 900 kuifuata iko pia katika nchi ya wazazi wake, juu ya wilaya ya Beni, na inapungua. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa onyo kwamba barafu ya Ruwenzori, ya mlima Kenya na ya Kilimanjaro inaweza kuwa imeisha kufikia miaka ya 2040. Mtoto wa miaka 6 leo atakuwa na miaka ishirini na kitu wakati huo. Kama amejifunza kutazama urefu wa mlima, atajua kwa nini inapanda kila mwaka juu zaidi, mpaka siku itakapokosa pa kupanda.